Tufe Lenye Matundu ya Mtu Mwingine

Masomo: 1 Samweli 17:38–40, Waamuzi 20:16, Wagalatia 6:1–5



Mzee mmoja wa ushirika wetu ameniuliza, mbele ya wazee wenzake, inakuwaje siku hizi kila Jumamosi saa tisa ukumbi wa kanisa unajaa kelele za chupa zinazoanguka na vijana wanaoshangilia. "Mchungaji," alisema, "huo si mchezo wa baa?" Ni swali la haki, na najua wapo wengine wanalo moyoni ila wameona haya kulitoa. Nitalijibu kwanza, kisha niseme jambo ambalo mchezo huo umenifanya nilisome upya katika 1 Samweli.

Kinachochezwa ni bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito sakafuni ili kuangusha pini kumi zilizopangwa pembetatu: moja mbele, mbili nyuma yake, kisha tatu, kisha nne. Njia halisi za mchezo huu, zile zinazong'aa na zenye mashine ya kusimamisha upya pini zilizoanguka, ziko Nairobi pale Village Market, Gigiri, na Dar es Salaam watu wamezichezea kule Sea Cliff, Masaki. Kutoka hapa Iyunga, Mbeya, hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 za basi, na mfuko wa Idara ya Vijana mnaujua. Kwa hiyo vijana wametengeneza ya kwao. Sakafu ya saruji ya ukumbi, ambayo akina mama huisugua kwa nta nyekundu, imechorwa mistari ya chaki. Pini ni chupa za maji za lita moja na nusu, zimetiwa mchanga kidogo chini zisiangushwe na upepo wa mlangoni. Matufe ni mipira ya kikapu iliyokufa. Imepasuliwa, ikajazwa maranda na mchanga kwa vipimo tofauti, ikashonwa na fundi viatu. Kila moja limepimwa kwenye mizani ya mahindi na kuandikwa uzito wake kwa rangi nyeupe: kilo 3, 4, 5, 6.

Sasa jibu la mzee wangu. Wanaoandika historia ya mchezo huu husimulia kwamba huko Ujerumani, karne nyingi kabla ya Matengenezo ya Kanisa, ulichezwa kwenye varanda za makanisa na nyumba za watawa. Kigingi kilisimamishwa, kikahesabiwa kuwa ndiyo dhambi au upagani, na muumini akaviringisha jiwe kukiangusha. Martin Luther naye anasimuliwa kuwa alikuwa na njia ya kuchezea nyumbani kwake. Masimulizi ya namna hiyo huongezwa chumvi kadiri miaka inavyopita. Mimi ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwetu wenyewe. Jan Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo sisi Wamoravian tunajihesabu watoto wake, alichapisha mwaka 1658 huko Nuremberg kitabu cha picha cha kufundishia watoto, Orbis Pictus. Ndani yake kuna sura ya michezo ya wavulana, na miongoni mwao wapo wanaoviringisha tufe kuangusha pini tisa. Mtu huyo alikuwa mkimbizi. Tauni ilimchukulia mke na watoto, na moto wa vita ukamteketezea maktaba. Bado aliona mchezo huo unastahili kukaa katika kitabu kinachoanza na Mungu na kupita kwenye jua, mkate na kazi ya seremala.

Upande mmoja mzee ana haki. Jimbo la Connecticut kule Marekani lilipiga marufuku mchezo wa pini tisa mwaka 1841, kwa kuwa ulikuwa umegeuka kamari, na hadithi maarufu inasema watu waliongeza pini ya kumi ili sheria isiwakamate. Iwe hadithi au kweli, ndivyo akili ya mcheza kamari inavyofanya kazi, na wanawake ambao fedha zao za vikoba zimeishia kwenye mikeka ya waume zao hawahitaji kuelezwa na mchungaji. Ukumbini kwetu hakuna dau, hata la soda. Siku litakapowekwa, nitalifunga kabati la matufe mwenyewe na ufunguo nitakaa nao.

Hilo limekwisha. Sasa nije kwenye lile jambo la 1 Samweli, nikianzia na tufe jingine.

Kijana wetu mmoja anayeuza vyombo vya mtumba katika soko la Mwanjelwa alilikuta ndani ya shehena, katikati ya sufuria na baiskeli za watoto: tufe halisi la bolingi, jeusi, gumu, lenye matundu matatu. Juu ya matundu limechongwa jina la mtu wa Ulaya, herufi zake zimejaa uchafu wa miaka. Pembeni kuna namba 16. Hizo ni paundi, yaani kilo 7.26, ndio uzito wa mwisho unaoruhusiwa katika mchezo huo. Na kwa wale waliosoma michezo, ni uzito uleule wa tufe wanalorusha wanaume kwenye Olimpiki.

Mnaweza kubashiri kilichofuata. Matufe ya maranda yakasahaulika. Kila kijana wa kiume akataka la kilo saba, na kadiri dada zao walivyokuwa wengi kwenye mabenchi ndivyo foleni ilivyorefuka. Mmoja wao, kijana anayebeba magunia sokoni na ambaye nguvu zake hakuna anayezitilia shaka, alisukuma kidole gumba ndani ya lile tundu, akakimbia, akarusha. Tufe halikuachia. Lilimvuta hadi akapiga goti, kisha likachomoka kwa kuchelewa, likaenda kugonga mguu wa meza ya vitabu vya nyimbo. Chupa zote kumi zimesimama zinamtazama. Alikuja kunisalimia akiwa amekishika kidole kimevimba. "Shikamoo, Mchungaji." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Hili tufe lina mwenyewe."

Baada yake aliingia msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, akachukua lile lililoandikwa 4, akaenda taratibu, akaangusha chupa saba.

Kauli ya yule kijana ndiyo iliyonirudisha kwenye Biblia. Tufe lile kweli lina mwenyewe. Kwenye nchi zenye maduka ya mchezo huu, tufe zuri huuzwa bila matundu. Fundi hupima kwanza mkono wa mnunuzi, ndipo hutoboa. Gumba liingie lote na litoke bila kukwaruza na bila kupwaya. Kidole cha kati na cha pete viingie hadi pale fundi alipokusudia, kwa wanaoanza mara nyingi ni pingili ya pili. Umbali kati ya tundu la gumba na yale mawili hupimwa kwa kiganja kilichotandazwa kwa starehe, bila kukaza. Tundu likibana, gumba hukwama, kama tulivyoona. Likipwaya ni hatari ya aina nyingine: mkono hulikamata tufe kwa kulikaba, na mkono unaokaba kwa hofu hauwezi kubembea. Watu wanaocheza kila juma huweka utepe mwembamba ndani ya tundu la gumba, wakaongeza au kupunguza kadiri kidole kinavyovimba au kunywea siku hiyo. Kwa mgeni anayeazima tufe la ukumbi, kanuni ya kuanzia ni fungu la kumi la uzito wa mwili, na msinisingizie kwamba nimeipitisha zaka kwa ujanja. Mwenye kilo 60 huanza na tufe la kama kilo 6. Mwenye kifundo dhaifu, mzee au mtoto hushuka chini ya hapo bila kumwomba mtu radhi.

Katika 1 Samweli 17, Daudi naye aliwekewa mwilini vifaa vilivyopimwa kwa mtu mwingine. Tunajua kutoka sura ya 9 kwamba Sauli aliwazidi watu wote urefu, kuanzia mabegani kwenda juu. Huyo ndiye aliyemvika mchunga kondoo kofia ya shaba na vazi la vita. Sauli hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye fundisho gumu. Alikuwa anatoa kilicho bora kabisa alichonacho. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, akamwambia mfalme kwamba hajavizoea, akavivua. Natamani mngeuona ujasiri wa jambo hilo: kijana mchunga kondoo anavua mavazi ya mfalme mbele ya mfalme mwenyewe. Kumkabili Goliathi kulikuja baadaye.

Halafu alikwenda kijitoni. Msomaji mwenye haraka hufikiri aliokota mawe yoyote, lakini mwandishi anasema mawe matano, na laini. Mtu aliyepiga kombeo malishoni miaka yote anajua jiwe lenye kona hukata upepo vibaya na kupinda njiani. Vijana wetu wa manati wanalijua hilo bila kusoma theolojia. Daudi alichagua vifaa kwa makini kuliko Sauli, tofauti ni kwamba alichagua kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa pili wa bonde alisimama mtu ambaye ncha ya mkuki wake peke yake, tukigeuza zile shekeli 600 za mstari wa 7, ilikuwa na karibu kilo 7. Kilo saba hizohizo zilizowatia wazimu vijana wetu. Uzito mkubwa ulikuwepo bondeni siku ile, ila haukuwa mkononi mwa aliyeshinda.

Niruhusuni niseme bila kuzunguka. Mbeya hii tuna wainjilisti vijana wenye kipawa cha kweli, ambao wamejitia koo la mhubiri maarufu waliyemwona kwenye simu. Wanakoroma anapokoroma, wanakatisha sentensi anapokatisha, hata kikohozi chake wamekichukua. Wiki ya pili ya mkutano sauti imekwisha na ujumbe wao wenyewe, ule waliopewa, hatujausikia. Tuna familia iliyochangisha na kukopa harusi ya ukubwa wa harusi ya jirani, na leo, watoto wa ndoa hiyo wameshaanza kutembea, deni bado linadaiwa. Tuna mama aliyekubali uhazini kwa sababu mtangulizi wake aliuweza, wakati yeye hesabu zinamkosesha usingizi na karama yake ni kukaa na wagonjwa. Hakuna aliyetenda dhambi ya kutisha hapo. Wameingiza gumba kwenye tundu la mtu mwingine, basi, na limevimba.

Kuna anayeitwa Jason Belmonte, Mwaustralia wa mji wa Orange. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi, na alianza kucheza akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa umri huo hawezi kuinua tufe kwa mkono mmoja, kwa hiyo alitumia miwili. Alipokua, walimu walimtaka aache utoto huo, acheze kama watu wengine. Hakuacha. Aliendelea na mikono miwili, na gumba hakuliingiza kwenye tundu kabisa. Alichekwa miaka mingi kwa namna hiyo ya kucheza. Leo ndiye mwenye mataji makubwa 15 ya chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani, ambayo hakuna mwingine aliyeyafikia, na watoto duniani kote wanamwiga. Vijana wetu nao walimwona kwenye simu, ndiyo maana wengi wao wanaviringisha yale matufe ya maranda kwa mikono miwili. Isitoshe, hawakuwa na njia nyingine, hayana matundu.

Kitabu cha Waamuzi, katikati ya vita vya aibu vya ndugu kwa ndugu, kinasimama kidogo kutaja watu 700 wa Benyamini waliotumia mkono wa kushoto, ambao walilenga unywele kwa jiwe la kombeo wasikose. Sipendi kila kitu walichopigania. Ila nimewahi kujiuliza nani aliwafundisha. Katika mila nyingi, za kwetu zikiwemo, mtoto wa mkono wa kushoto hupigwa mkono mpaka ahame. Kabila lile halikuwahamisha watoto wake. Liliwaacha na mkono waliozaliwa nao, likawapa mazoezi, maana shabaha ya namna ile haiji bila maelfu ya mawe. Nasisitiza mazoezi kwa sababu kuna wavivu watakaosikia mahubiri haya kama ruhusa. Kuchagua kifaa kinachokufaa ni mwanzo wa kazi.

Na kazi yenyewe ikoje? Katika mtindo wa kawaida wa mkono mmoja, mwenye mkono wa kulia anaweza kutembea hatua nne. Ya kwanza ni ya mguu wa kulia, na tufe linasukumwa mbele pamoja nao. Ya pili, tufe linaanguka lenyewe kupita kando ya mguu. Ya tatu liko nyuma, juu. Ya nne mguu wa kushoto unateleza, goti limekunjwa, na tufe linapita chini kabisa na kuwekwa sakafuni bila kishindo. Ndiyo maana viatu vya mchezo huu, kwa mwenye mkono wa kulia, vina soli ya kushoto inayoteleza na ya kulia inayoshika. Vijana wetu huvaa soksi kuukuu juu ya raba ya kushoto, na inatosha. Anayekuja na raba mpya inayonata pande zote mbili husimamishwa ghafla, na goti ndilo linalolipa.

Katika hatua hizo zote, mkono haurushi. Huu ndio ugumu wa mchezo kwa wenye misuli. Bega linakuwa bawaba, mkono unaning'inia, na uzito wa tufe wenyewe unashuka, unapanda nyuma, unarudi. Anayeongeza nguvu zake hulipindisha begani, na mkengeuko mdogo pale mstarini unakuwa mkengeuko wa pini nzima mwishoni, kwa maana kwenye njia halisi safari ni mita 18.29. Dereva wa lori anayeshuka Iwambi kuelekea Mbalizi huchagua gia akiwa bado juu. Mchezaji naye maamuzi yake yote yako kabla tufe halijaanza kushuka: uzito gani, asimame wapi, alenge nini. Likishaanza, kazi yake ni kutolizuia.

Mimi hapo naisikia neema kwa namna ambayo mahubiri yangu mengi hayajaweza kuieleza. Tumelelewa kudhani kwamba Mungu anatupa nafasi na sisi tunatoa nguvu. Mwili wa mchezaji mzuri unasema kinyume: nguvu imo ndani ya kile ulichopewa kubeba. Ukikipata kilicho chako na ukakiacha kibembee, kitakwenda. Mnaojikaza katika maombi mpaka mishipa ya shingo inatoka, nawapenda, ila legezeni bega.

Kuna la miguu pia, na hili liliwashangaza vijana kuliko yote. Mwenye ujuzi hatazami pini. Kwenye njia halisi kuna mishale saba iliyochorwa sakafuni, karibu mita nne na nusu tu kutoka mstari wa kuachia, na macho hukaa hapo. Tumeichora kwa chaki. Sasa, tufe likipita juu ya mshale sawasawa lakini likaishia kushoto mno mwa pini, mtu asiyejua husogea kulia ili afidie. Mwenye kujua husogeza miguu kushoto, kule kule kosa lilikoelekea, akaendelea kutazama mshale uleule. Jaribuni Jumamosi mtaona tufe linavyorudi katikati. Nimeona ndoa zilizopona kwa njia hiyo. Mume alibaki na kusudi lilelile la kulisha nyumba yake, ila alihama pale alipokuwa amesimama: aliacha zamu za usiku, au alihamia upande wa meza ambako mkewe alikuwa amelia peke yake muda mrefu. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunabadilisha lengo kila mwezi na miguu haitoki pale ilipo.

Nina moja la mwisho kuhusu pini zenyewe, kwa ajili ya wale wanaodhani mchungaji lazima afike kila nyumba. Tufe likiingia vizuri, kati ya pini ya kwanza na ya tatu kwa mwenye mkono wa kulia, zote kumi zinaanguka. Lakini tufe lenyewe huwa limegusa pini nne tu: ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya tisa. Sita zilizobaki zimeangushwa na pini wenzake. Wamisionari wa kwanza wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakiwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono, na kituo cha Utengule Usafwa, hapa Mbalizi tu, kikafunguliwa mwaka 1895. Mwaka 1897 huko Rungwe alibatizwa wa kwanza, mwanamke aliyeitwa Fiabarema. Baada ya hapo Injili haikupanda vilima hivi kwa miguu ya Wajerumani peke yao. Walimu na wainjilisti wenyeji, wake kwa waume, ndio walioipeleka vijiji ambavyo mmisionari hakuwahi kuviona. Kwa hiyo nisipofika kwako mwezi huu na akafika mama wa jumuiya yako, usihesabu kwamba kanisa halijafika.

Hapo tunaingia kwa Paulo, na lazima tuingie, kwa sababu mtu anaweza kuyachukua niliyosema na kuyafanya uchoyo: nina uzito wangu, nawe una wako, kwaheri. Katika Wagalatia 6, mstari wa 2 unaagiza tuchukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Imepita mistari mitatu tu. Watu wamewahi kuniletea mistari hiyo kama ushahidi kwamba Biblia inajipinga. Waliokaa ukumbini Jumamosi hawapati shida nayo. Hakuna anayeweza kumviringishia mwenzake. Anayejaribu kuushika mkono wa mchezaji ili amsaidie anamharibia. Lakini walioketi ndio wanaosimamisha chupa, wanaorudisha tufe kwa miguu, wanaomwambia mwenzao kwamba bega lake linashuka, na alama za timu zinajumlishwa pamoja. Yule mbeba magunia, baada ya gumba lake kutulia, ndiye sasa anayesimamisha chupa kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili, akichezea lile la kilo 5 zamu yake inapofika.

Kwa tufe jeusi, mwanafunzi mmoja wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) amesema matundu ya zamani yanaweza kuzibwa na kutobolewa upya, jambo ambalo hata huko Ulaya hufanyika kila siku. Kamati imebishana litobolewe kwa mkono wa nani. Mimi nimewashauri litobolewe kwa mkono wa yeyote atakayeweza kulibembeza bila kukunja shingo, na kama hayupo, tusubiri akue.

Nimeandika haya katika majira ambayo wazazi wengi wa hapa Iyunga wanahangaika na tahasusi za kidato cha tano. Najua nyumba ambazo mtoto anajaziwa PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwa kuwa binamu yake ni daktari, wakati daftari lake la historia limejaa na la kemia ni tupu. Najua pia binti anayependa hesabu aliyeambiwa asome kitu chepesi. Ofisi yangu itakuwa wazi Jumatano kuanzia saa nane mchana, na mwalimu mstaafu wa ushirika wetu atakuwepo kutusaidia. Njooni wazazi wote wawili ikiwezekana, njooni na matokeo, na mje na mtoto. Mtoto ndiye atakayeongea kwanza.